Nimecheza Ingress katikati ya Dar: mchezo mzuri, hadithi imechoka

Nianze na hukumu kwa ajili ya wasiosoma hadi chini: nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama ningeishi mji wenye wachezaji wengi, na zingekuwa mbili kama kazi yangu isingekuwa ya kutembea.

Mimi ni karani kwa wakala wa forodha. Siku yangu ni kubeba makaratasi kutoka ofisi za meli kwenda benki, kutoka benki kwenda bandarini, kurudi kuambiwa muhuri haujasomeka, kisha kwenda tena. Eneo langu ni Posta, Samora, Sokoine Drive na Kivukoni. Mdogo wangu alipoona soli zangu zinavyolika upande mmoja akasema, "Dada, unatembea bure tu. Kuna mchezo wa watu wanaotembea." Akaniwekea Ingress kwenye simu, akaenda zake chuoni, akaniachia vita.

Ingress ni mchezo uliotengenezwa na Niantic, kampuni ya Marekani. Ulianza Novemba 2012 kwa watu walioalikwa, toleo rasmi la Android likatoka Desemba 2013, na wenye iPhone wakaupata Julai 2014. Toleo la sasa, Ingress Prime, lilitoka Novemba 2018. Hadithi yenyewe ni hii: wanasayansi wa CERN, ile maabara kubwa iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wamegundua nishati ya ajabu inayovuja duniani. Wameiita XM. Inavuja kupitia malango, na malango hayo yako palepale ambapo watu wameweka vitu vya kukumbukwa: sanamu, minara, nyumba za ibada, michoro ya ukutani. Nyuma ya nishati wapo viumbe wasioonekana wanaoitwa Shapers, tuseme Wafinyanzi, ambao wamekuwa wakiwasukuma binadamu kujenga na kubuni tangu zamani. Watu wamegawanyika juu yao. Enlightened, rangi ya kijani, wanasema waacheni watuinue. Resistance, rangi ya bluu, wanasema hatukubali kufinyangwa na mtu tusiyemwona uso.

Unachagua upande, unakuwa ajenti, na simu yako haiitwi tena simu, inaitwa skana. Ukiifungua, Posta uliyoizoea inatoweka. Hakuna wauza vocha, hakuna foleni. Inabaki ramani nyeusi yenye mistari ya barabara, na hapa na pale mwali wa rangi unapanda juu. Mwali wa kijani ni wetu, wa bluu ni wao, wa kijivu hauna mwenyewe. Hakuna kubonyeza ukiwa kitandani. Lazima ufike kwa miguu hadi ndani ya mita 40 za lango ndipo uliguse.

Michezo ya namna hii, inayopenyeza hadithi kwenye maisha ya kweli, ina ukoo. Mwaka 2001 Microsoft waliandaa mmoja wa kutangaza filamu ya Steven Spielberg. Ulianzia kwenye orodha ya majina ya watengenezaji wa filamu, ambamo palikuwa na mwanamke aliyetajwa kuwa tabibu wa mashine zenye hisia. Aliyelitafuta jina lile kwenye intaneti alikuta tovuti za mwaka 2142, kisha barua pepe, namba za simu, na mauaji ya kuchunguza. Kanuni yake ilikuwa mchezo usikiri hata siku moja kwamba ni mchezo. Mwaka 2004, kabla ya mchezo wa video wa Halo 2 kutoka, ilikuwa zamu ya vibanda vya simu: vililia sehemu mbalimbali za Marekani kwa saa zilizopangwa, na mtu alipaswa kuwa amesimama palepale apokee. Michezo ile iliishi kwa miezi, ikamalizika, wachezaji wakabaki kusimuliana. Ingress wamechukua damu ileile wakaifunga kwenye jambo lisiloisha, yaani kugombea maeneo, na ndiyo sababu bado upo.

Kazi ya uwanjani ni hivi. Unafika kwenye lango, unalidukua, linakupa silaha na vifaa na mara nyingine ufunguo wake. Kama ni la adui unalilipua. Likibaki tupu unalipachika rezoneta, yaani vifaa vya kulishikilia, nane zenye rangi yako, linakuwa lako. Ukiwa na ufunguo wa lango jingine lenye rezoneta zote nane unavuta mstari kati ya mawili hayo, na mistari mitatu ikifunga pembetatu, eneo lote la ndani linageuka rangi yenu. Mchezo unahesabu wakazi wanaokadiriwa kuishi chini ya pembetatu hiyo na kutangaza kwamba mmeziteka akili zao. Siku niliyofunga pembetatu juu ya Kariakoo nilicheka peke yangu ndani ya mwendokasi. Atakayeiteka akili ya muuza vitenge wa Kariakoo hajazaliwa.

Kuna sheria moja ndogo ambayo ndiyo roho ya mchezo: mstari hauwezi kuukata mstari mwingine. Kwa hiyo adui akivuta mstari wake kutoka Kigamboni hadi Posta, amekufungia kazi ya siku nzima. Itabidi utafute alikoufunga, uende, ukaubomoe. Hapo karani wa forodha aliyetumwa benki anajikuta anahesabu nauli ya kivuko. Na usipoyarudishia malango yako nguvu, rezoneta zinachakaa kila siku na kufa ndani ya wiki moja. Ukiwa na ufunguo unaweza kuyalisha ukiwa nyumbani. Nimefanya hivyo jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko.

Sasa niseme kuhusu Askari. Lile sanamu la shaba lililo pale Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba ni lango, na lazima liwe hivyo, maana kama kuna kitu Dar ambacho kila mtu anakielekezea njia ni hicho. Mchezo unakuonyesha picha yake na jina, basi. Ukingoja kupoa kwa lango kabla ya kulidukua tena, ni dakika tano za kusimama huna la kufanya. Katika dakika hizo ndipo nilipovuka barabara na kusoma yaliyoandikwa kwenye msingi wake. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Sanamu ilizinduliwa 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yanawataja pia wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji 1916.

Hapo ndipo hadithi ya mchezo ilipoanza kunikera. Wanataka niamini kwamba pale pana nguvu kwa sababu Wafinyanzi kutoka ng'ambo ya dunia walimnong'oneza mchongaji. Pale pana nguvu kweli, lakini ni ya watu waliobebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao hadi wakafia porini, na ya gavana aliyeng'olewa kwenye kiti chake cha mawe. Ningekuwa mwandishi wa mchezo huu nisingehangaika na CERN. Ningemwacha mchezaji asome msingi wa sanamu kabla ya kupewa silaha.

Na kuna suala la nini kinahesabiwa kuwa lango. Niantic walipoanza walitumia kumbukumbu zilizokwisha kuwekwa kwenye kompyuta, ikiwemo hazina ya vibao vya kihistoria ambayo imejaa vya Marekani, na baadaye wachezaji wakapendekeza sehemu zao. Kitu kinachopita kwa urahisi ni cha kudumu, chenye sura yake, kinachopigika picha. Matokeo yake ukitembea katikati ya Dar na skana mkononi unapita kwenye mji wa mawe na shaba: kanisa la Mtakatifu Yosefu, kanisa la Azania Front, Mnara wa Saa, Makumbusho ya Taifa. Yote ni mazuri, siyapingi. Lakini kijiwe cha bao chini ya mwarobaini, ambapo mitaa yetu hupatana, hugombana na kuuziana viwanja, hakina kibao wala msingi wa zege, na mti wa kawaida haupiti. Nilipoelekea Temeke ramani ilikuwa nyeusi kwa hatua nyingi mfululizo. Kwa mujibu wa Ingress, watu wa huko hawana nishati.

Upande wa watu ndio ulioniokoa. Mchezo huu unajifanya wa kijasusi: uko mtaani, una kazi ya siri, wapita njia hawajui. Waliobuni waliwaza barabara za San Francisco, ambako mtu akisimama na simu mbele ya jengo hakuna wa kumuuliza. Hapa kwetu nchi ina walinzi. Karibu na ofisi moja kule Kivukoni kuna lango zuri sana, na kuna mlinzi wa makamo anayekaa kwenye kiti cha plastiki. Aliniona nikipita, nikarudi, nikasimama, nikazunguka. Akaniita.

"Binti, mbona unatuzunguka na simu? Unapiga picha?"

"Shikamoo baba. Sipigi picha, nacheza mchezo."

"Marahaba. Mchezo gani huo wa kusimama juani?"

Nikamwonyesha skana. "Hapa penu sasa hivi ni pa bluu. Mimi ni kijani, nataka kupachukua."

Akaniangalia juu hadi chini. "Kijani. Yanga?"

"Hapana baba, siyo mpira."

Akashusha sauti. "Mambo ya chama?"

Wamarekani wale hawakujua kwamba kijani hapa nchini kina wenyewe, tena zaidi ya mmoja. Nikaeleza habari ya CERN, Wafinyanzi na nishati inayovuja. Nilivyokuwa naeleza nilijisikia nikieleza, kama ninyi mnavyojisikia mkisoma. Yeye akasikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo sijaona mtu yeyote wa Niantic akilijibu:

"Sasa ukishapachukua, mimi atanilipa nani?"

Tangu siku hiyo akawa mshirika wangu. Nikipita na bahasha ananiambia kabla sijafungua simu, "Bluu wako kapita asubuhi." Nikamuuliza amemjuaje. "Anafanya kama wewe. Anasimama, anazunguka, anacheka na simu. Mama mmoja hivi, ana mwavuli."

Mama? Nilikuwa na adui, ndiyo. Kila nilichojenga Kivukoni kilikuwa kinabomolewa alfajiri, kabla ya mwendokasi kujaa. Mchezo una sehemu ya kuandikiana ujumbe, na tulikuwa tumeanza kutupiana maneno humo. Mimi nilimwandikia, "Usiku wa deni haukawii kucha." Akajibu, "Mwenda pole hajikwai." Nikamwandikia mengine ambayo siyarudii hapa. Kichwani nilikuwa nimemchora kijana wa chuo, mwenye spika za masikioni na majivuno. Methali zake zingenistua mapema, maana vijana wa chuo hawajibu hivyo.

Basi siku moja nikawahi kivuko cha asubuhi kwa shughuli za ofisi, nikamkuta upande wa Kigamboni kwenye ukingo, mwavuli kwapani, miwani imeshuka puani, simu ameishika mbali na uso jinsi wazazi wetu wanavyosoma. Umri wa mama yangu mzazi. Nikafungua skana, nikaona lango letu linalipuka mbele yangu. Nilifanya nini? Mtoto aliyelelewa vizuri hana njia mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama, akaitazama simu yangu yenye mwanga wa kijani. "Aa! Kumbe wewe ndiye wa deni?"

Ni mwalimu mstaafu. Daktari alimwambia atembee kwa ajili ya sukari, naye akaona kutembea bila sababu ni kazi ya vichaa. Mjukuu wake ndiye aliyemtafutia sababu. Alichagua bluu kwa kuwa, alisema, hapendi mtu kuja kumwinua bila kumuuliza. Hoja ya Resistance sijaisikia ikisemwa vizuri zaidi na mtu yeyote kwenye video zao zote.

Hapo tu ndipo mchezo huu ulipokuwa ule walioahidi: uongo umeingia kwenye maisha ya kweli na umebaki na meno. Si kwa sababu ya kiumbe wa ng'ambo. Ni kwa sababu sikuweza tena kumbomolea malango yake bila kufikiria sukari yake. Yeye hana tatizo hilo. Ananibomolea vilevile.

Lakini lipo jambo aliloniambia siku ile ambalo lazima nilieleze vizuri, hasa kwa akina dada. Alisema, "Wewe hutoki kazini kabla ya saa kumi na moja. Ijumaa unapitia Kariakoo. Jumapili huchezi, nadhani unaenda kanisani au unafua." Yote sahihi. Hakunifuata. Alisoma tu. Kila unapopachika rezoneta, kulipua au kuvuta mstari, mchezo unaandika kwenye orodha ya wazi: jina lako la ajenti, lango, saa. Mtu yeyote anayecheza anaweza kukaa na orodha hiyo akaifuatilia mpaka akajua njia yako. Kwangu aliyesoma alikuwa mwalimu mstaafu mwenye mwavuli. Angeweza kuwa mtu mwingine. Msitumie jina linalofanana na la mahali pengine mtandaoni, msiliguse lango lililo karibu na nyumbani, na msirudie njia moja kila jioni. Hili pekee limeondoa nyota nzima. Mchezo unaojengwa juu ya siri haupaswi kumwanika mchezaji namna hii.

Nyota ya pili imeondoka kwa sababu ya hesabu. Lango lina ngazi, kuanzia 1 hadi 8, na ngazi ni wastani wa rezoneta zake. Rezoneta za juu kabisa kila mtu anaruhusiwa kupachika moja tu kwenye lango. Maana yake lango la ngazi ya 8 linataka watu wanane wa rangi moja, wote wamefika hapo. Peke yako, hata ukiwa fundi kiasi gani, unaishia ngazi ya 5. Umbali wa mstari unatokana na ngazi ya lango: la ngazi ya 1 linafika mita 160, la ngazi ya 5 kilomita 100, la ngazi ya 8 zaidi ya kilomita 650. Kwa hiyo peke yangu ninaweza kuvuta mstari wa Dar hadi Unguja, ikiwa nimekwenda Unguja kuchukua ufunguo. Dodoma siifikii hivyo. Kwenye miji ya Japani au Ulaya watu wanane ni jambo la kupigiana simu tu. Hapa, jioni ambazo naona majina manne tofauti kwenye orodha nzima ya mjini, najisikia tumejaa.

Na hadithi yenyewe? Miaka ya mwanzo walijitahidi sana. Palikuwa na taarifa ya habari ya kubuni kwenye YouTube, na mtangazaji wake, iliyosimulia vita vya kila wiki ikataja majina ya maajenti wa kweli walioshinda. Nyaraka za siri zilivuja zikiwa na mafumbo yaliyofichwa ndani ya picha, na aliyefumbua alipata neno la siri la kuingiza kwenye skana akapewa vifaa. Walikuwepo wahusika kama Roland Jarvis, ambaye wa kijani wanamsikiliza ingawa ni marehemu, na ADA, akili ya mashine inayowaunga mkono wa bluu. Matukio makubwa katika miji yaliwakutanisha mamia ya wachezaji, na matokeo yake yalitakiwa kugeuza mkondo wa hadithi. Mwaka 2018 ikatoka hata katuni ya Kijapani.

Anayeingia leo anakuta makombo ya karamu hiyo. Kuna miaka mingi ya matukio nyuma, yote kwa Kiingereza, yametawanyika, na skana inakueleza kidogo sana. Sauti inayoniongoza ni ya Kiingereza pia. Kiswahili sikukikuta kwenye mipangilio. Kwa mtu wa Dar hadithi imebaki kuwa rangi mbili na sauti ya kike inayonitangazia kwamba lango langu linashambuliwa wakati niko mbele ya meneja wa benki. Zima sauti. Niamini.

Wenyewe wana hadithi nyingine ambayo naiona tamu kuliko ya Wafinyanzi. Niantic ilizaliwa ndani ya Google 2010, ikajitenga 2015. Mwanzilishi wake, John Hanke, ndiye aliyeiongoza Keyhole, kampuni ambayo kazi yake iligeuka kuwa Google Earth. Yaani alikwisha kuiangalia dunia kutoka juu, akabaki anahitaji watu wa kuiangalia kutoka chini. Wakaja maajenti wa Ingress, wakapendekeza mahali, wakapiga picha, wakasahihisha. Julai 2016 ilipotoka Pokémon GO, mchezo wao mwingine wa kutembea, dunia nzima ikakimbilia vituo ambavyo vingi vilikuwa malango ya Ingress. Novemba 2024 kampuni ikatangaza inajenga mfumo mkubwa wa akili mnemba wa kuielewa dunia ya mahali, ikisaidiwa na skani, yaani picha za kamera za mahali, zilizorekodiwa na wachezaji. Machi 2025 ikatangaza kuuza michezo yake mikubwa, Pokémon GO ikiwemo, kwa Scopely, kampuni nyingine ya michezo, kwa dola bilioni 3.5. Ingress haikuuzwa. Ilibaki na kampuni mpya, Niantic Spatial, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya ramani na mahali.

Sasa rudini kwenye hadithi waliyotutungia 2012: nguvu isiyoonekana inawasukuma watu watembee, waguse sanamu, wakusanye nishati wasiyoijua inakwenda wapi. Sisemi kuna njama, masharti yameandikwa na skani ni hiari. Nasema tu kwamba mlinzi wangu wa Kivukoni aliuliza swali la malipo kabla yangu.

Kuhusu hizo skani, onyo la hapa nyumbani. Mchezo utakuomba mara kwa mara uzungushe kamera kulizunguka lango. Ukiwa karibu na Ikulu, bandari au kambi yoyote, usithubutu. Kuna sehemu za mji huu ambazo kupiga picha ni kosa, na habari za XM hazitakutetea.

Mengine kwa haraka. Kupakua ni bure. Ndani kuna duka na usajili wa kila mwezi, sijatoa hata shilingi na sijakwama. Skrini ikiwaka na GPS ikifanya kazi muda wote, chaji inakimbia, hivyo beba power bank. Bando la kawaida la wiki linatosha kama hufungui video. Katikati ya majengo marefu ya Posta nukta yako inarukaruka, mara uko Samora mara uko majini. Sogea kwenye uwazi usubiri itulie. Simu ishike kwa mikono miwili na usicheze ukivuka barabara, bodaboda hawaoni malango. Saa nzuri ni alfajiri, jua halijachachamaa. Jumapili asubuhi kutoka Mnazi Mmoja kuja Bustani ya Mimea hadi Makumbusho ni njia nzuri kwa anayeanza, ina kivuli na malango yako karibu karibu.

Unafaa kwa nani? Mtu ambaye tayari anatembea kwa kazi au kwa amri ya daktari, na ambaye haoni haya kuulizwa anafanya nini. Anayetaka hadithi nzito ya kufumbua usiku kucha amechelewa, akasome masimulizi ya ile michezo ya 2001 na 2004, atafurahi zaidi. Mzazi mwenye mtoto mdogo asimpe, kwa sababu ya ile orodha ya wazi niliyoieleza.

Na kama umeshaamua kupakua, utaulizwa rangi mwanzoni kabisa kabla hujaelewa chochote. Mwalimu wangu atakwambia bluu, na hoja zake ni nzuri kuliko zangu. Mimi nakwambia chagua kijani kwa ubinafsi mtupu: nahitaji watu saba.